Vitendo vya Wakati Mmoja katika Historia ya Sarufi ya Kiajemi

Mswahili asemaye "alikuja akicheka" ameviunganisha vitendo viwili kwa silabi moja, -ki-. Kiajemi kilikuwa na chombo kinachokaribiana nacho: kiambishi tamati -an, ambacho kikitiwa kwenye shina la kitenzi huonyesha hali ya mtendaji. Khandan amad ndiyo hiyo "alikuja akicheka". Lakini chombo hiki kimechakaa. Hakikubali tena kila kitenzi, na baadhi ya mazao yake yamekuwa majina tu, kama baran, yaani mvua. Nguvu yake imesalia hasa katika maneno ambatani: gerye-konan, "akilia".

Kisa cha mi- ni kirefu zaidi. Katika Kiajemi cha Kati, lugha ya dola ya Wasasani iliyoanguka mwaka 651, hame lilikuwa neno kamili, maana yake "daima". Katika ushairi wa Rudaki, aliyefariki mwaka 941, hami bado ni neno huru, laweza hata kuja nyuma ya kitenzi. Baadaye likafupika, likanata mbele ya kitenzi. Kwa kunata huko likapata kazi nyingi mno: miravam leo ni "naenda", "huenda", hata "nitakwenda". Kitendo kinachoendelea wakati kingine kinapotokea kikakosa alama yake mahsusi.

Pengo hilo limezibwa na dashtan, "kuwa na", kwa umbo lililoenea hasa katika karne ya 20. Dashtam name mineveshtam ke baradaram amad: nilikuwa nikiandika barua, mara ndugu yangu akaja. Mswahili asishangae, kwani -na- ya "ninaandika" yadhaniwa na wataalamu wengi kuwa ni na ile ile ya "nina kitabu". Wapenda usanifu waliliona umbo hili kuwa la mazungumzo tu, wakaliepuka katika maandishi rasmi. Kwa maoni yangu hawakutenda haki, maana mwanafunzi aliyelelewa na vitabu vya kale peke yake hatang'amua kuwa dasht mioftad ni "alikuwa karibu kuanguka".

Kuna pia dar hali ke, inayounganisha sentensi mbili nzima. Humo mna hal ya Kiarabu, ambayo imo vilevile katika "ilhali" yetu. Na kama ilhali, hutumika pia kupinganisha mambo.

Dashtan ina upungufu mmoja: katika lugha sanifu haikanushiki. Atakaye kusema "siandiki sasa" hurudi kwenye mi- iliyotanguliwa na ne-: nemi-nevisam.