Tajiri wa Pembe Alipofanywa Liwali

Februari 1887, mjini Unguja, Henry Morton Stanley alifunga mkataba na Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Tajiri wa pembe za ndovu akawa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo nchini Kongo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Hoja iliyombeba bado inasikika kila uchaguzi: aliyeweza biashara kubwa hashindwi na nchi.

Biashara yake ilikuwa kubwa kweli. Misafara yake ilipeleka vitambaa, shanga na bunduki hadi Manyema, mashariki mwa Kongo, ikarudi na pembe, kwa mtaji wa matajiri wa Unguja kama Taria Topan. Kulinda imani ya mdai kwa miaka, huku bidhaa zikiwa mwituni, ni kipaji ambacho sikibezi. Lakini tazama alivyoupata utawala kule Utetela, nchi ya Watetela huko huko Kongo. Katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili, anaeleza kuwa hakumwendea chifu Kasongo Rushie kwa jina la utajiri. Alidai undugu, kwamba bibi yake alikuwa binti wa ukoo ule aliyetekwa zamani, na mzee akamwachia nchi. Mfanyabiashara hodari kuliko wote wa zama zake alitambua kuwa shehena za pembe hazimpi mtu haki ya kutiiwa, ndiyo maana akatafuta nasaba.

Wapo watakaosema Leopold alimtegea: alimtaka azuie uvamizi wa watumwa bila kumpa nguvu ya kuuzuia. Ni kweli. Ila uvamizi huo ndio uliowalisha mawakala na jamaa zake, na mateka ndio waliobeba pembe zake. Kuukomesha kungekuwa kuivunja nyumba aliyoijenga mwenyewe. Na huko Manyema, alikotawala miaka mingi bila kusimamiwa na mtu, amani aliyoileta ilikuwa ya njia za misafara. Vijiji vilivyokaa mbali na njia hizo vilijua moto na minyororo. Wengine, wakitafuta mfano wa mfanyabiashara aliyetawala vyema, watamtaja Sayyid Said, sultani wa Oman na Unguja aliyestawisha karafuu na kufunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Huyo alishika utawala wa Oman tangu 1806, kabla ya karafuu; alikuwa mtawala aliyejifunza biashara, na safari hiyo ni tofauti kabisa.

Tippu Tip alirudi pwani karibu na 1890, na hakwenda tena bara. Vita kati ya watu wake na dola ya Leopold huko Kongo vilizuka 1892. Mwanawe Sefu aliuawa 1893, na kufikia 1894 himaya yote ilikuwa imekwisha. Watu wa Kongo hawakupata nafuu, kwani Leopold naye aliitawala nchi ile kama mali yake binafsi, akihesabu kilo za mpira pale ambapo mtangulizi wake alihesabu pembe.