Mzabibu wa Mtakatifu Laurenti na Mtoto Wake

Wengi wetu twaijua divai katika kalisi ya Misa tu. Shamba la mizabibu hatujaliona kwa macho. Lakini mizabibu nayo ina historia, na ndani yake mna mafundisho. Leo tusimulie habari za mzabibu mmoja wa inchi ya Austria, ambao hata Ulaya kwenyewe watu wengi hawaujui.

Inchi ile husifiwa hasa kwa divai nyeupe. Hata hivyo zipo kule zabibu nyeusi zinazotoa divai nyekundu, ziitwazo Sankt Laurent, maana yake Mtakatifu Laurenti. Husemwa kwamba zilipata jina hilo kwa sababu huanza kugeuka rangi karibu na sikukuu yake, tarehe 10 Agosti. Twamkumbuka Laurenti: alikuwa shemasi wa Roma, akauawa mwaka 258. Mapokeo yasimulia kwamba wakubwa walipomdai hazina za Kanisa, aliwakusanya maskini, akawaonyesha kuwa hao ndio hazina.

Mzabibu huu ni mgumu kutunza. Huchanua mapema, na baridi ikirudi ghafula huudhuru. Mwaka mwingine maua huanguka bure, na mavuno huwa haba. Kwa hiyo wakulima wengi waliuacha. Lakini aliyeuvumilia hupata divai ya rangi nzito na ladha njema.

Karibu na Vienna, kando ya mto Danube, iko monasteri ya Klosterneuburg. Mtawala Leopold aliianzisha mwaka 1114, naye baadaye, mwaka 1485, akatangazwa mtakatifu. Tangu mwaka 1133 wakaao humo ni Wakanoniko wa Mtakatifu Agustino, walima mizabibu tangu zamani. Huko Tattendorf, kusini ya Vienna, wana shamba kubwa la mzabibu wa Mtakatifu Laurenti.

Katika mji uleule wa Klosterneuburg ilifunguliwa mwaka 1860 shule ya kufundisha kilimo cha mizabibu. Mwaka 1922 mtaalamu wa shule ile, Friedrich Zweigelt, aliunganisha mzabibu wa Mtakatifu Laurenti na mwingine uitwao Blaufränkisch. Mbegu ikazaa mzabibu mpya, uliopata kuitwa Rotburger. Mtoto huyu hakurithi ugumu wa mzazi wake: ana nguvu, na huzaa sana. Leo katika Austria hakuna zabibu za divai nyekundu zilizoenea kuliko zake. Baadaye akapewa jina la mwenye kumvumbua: Zweigelt.

Lakini tazameni jambo la kusikitisha. Bwana huyu aliingia chama cha Hitler mwaka 1933. Hitler alipoitwaa Austria mwaka 1938, Zweigelt akawa mkuu wa shule, akakaa katika ukubwa huo mpaka mwaka 1945. Siku zile monasteri jirani iliteswa. Mwaka 1941 wakanoniko walinyang'anywa nyumba yao. Mmoja wao, padri Roman Karl Scholz, alikuwa ameanzisha kundi la siri la kupinga udhalimu. Alikamatwa mwaka 1940, akauawa Vienna tarehe 10 Mei 1944.

Basi katika mji mmoja tu tumeona watu wawili. Mmoja alikuwa na elimu kubwa, na kazi ya mikono yake ikafaulu. Lakini elimu ile haikumzuia kuwatumikia wadhalimu. Wa pili aliutoa uhai wake, na ni wangapi wanaolijua jina lake? Siku hizi watu wa Austria wenyewe hubishana kama yafaa mzabibu uendelee kuitwa Zweigelt.

Mzabibu wenyewe hauna kosa. Hunywa mvua, huota jua, huzaa. Kosa ni la wanadamu, na sisi pia tu wanadamu. Twawapeleka watoto wetu shule, twafurahi wakipata diploma, ni vema. Lakini tuwaulize pia: elimu hiyo utamtumikia nani nayo? Shemasi Laurenti aliulizwa neno hilo, naye akajibu kwa kuwaonyesha maskini. Ndiyo maana jina lake halimwaibishi mkulima yeyote, ijapokuwa mzabibu wake huzaa haba.