Chama na maneno yake

Chama cha siasa tukipime kwa maneno yake, ama kwa matendo yake? Tuangalie TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara tangu uhuru wa 1961 hata 1977.

Tarehe 5 Februari 1967 chama hicho kilitangaza Azimio la Arusha, yaani siasa ya ujamaa na kujitegemea. Mwezi wa Septemba mwaka uleule Rais Nyerere aliandika kwamba vijiji vya ujamaa vijengwe na watu kwa hiari yao, wala wasilazimishwe.

Huko Ruvuma, upande wa kusini, wakulima wa Litowa na vijiji jirani walikuwa wametangulia. Walilima pamoja, wakagawana mapato, wakaunda umoja wao wenyewe. Kumbe, Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja huo! Wakubwa wa chama hawakupenda vijiji visivyongoja amri yao.

Mwaka 1973 hiari yenyewe ikageuka amri: wakulima wote wawe wamehamia vijijini kabla ya 1976 kwisha. Waliosita walihamishwa kwa nguvu mahali pengi, na nyumba nyingine zilichomwa moto.

Hatusemi kanuni zile zilikuwa mbaya. Twasema tu kwamba kanuni haijilindi yenyewe. Basi, chama kikituahidi hiari, tuulize kwanza: mwanakijiji akikataa, atafanywa nini? Jibu la swali hilo ndilo siasa yake ya kweli.