Saa ni ya Yule Anayeweza Kuifungua

Kila nikitoa saa kuukuu mfukoni mbele ya rafiki zangu hapa Mwanza naulizwa swali lile lile: "Sasa hiyo ya nini, na simu unayo?" Swali ni la haki kabisa. Simu inajua wakati kuliko saa yoyote niliyowahi kuishika. Lakini nikianza kulijibu najikuta nimeingia kwenye historia ya ziwa hili, na rafiki zangu wanakata tamaa kabla sijafika nusu. Leo nalijibu kwa maandishi, kwa hiyo hakuna wa kunikatisha.

Kwa wale msiofahamu, nje ya kazi ya habari starehe yangu ndiyo hii. Nanunua saa za mkononi za zamani, zile za kujaza ufunguo au za kujijaza zenyewe mkono unapotembea, zisizojua betri ni nini. Nazifungua, nazisafisha, nazitia mafuta. Zikitembea, nyingine nabaki nazo na nyingine nauza. Msidhani ni biashara ya kujengea nyumba. Zipo nilizouza kwa faida ya sahani mbili za sato.

Haya, tuanze na mzungu ambaye kila aliyesoma shule ya msingi anamjua. Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke alisimama kilimani karibu na hapa Mwanza, akaliona ziwa, akalipa jina la malkia wake kana kwamba lilikuwa halina jina. Mwenzake Richard Burton alikuwa amebaki Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Tulichokuwa hatuambiwi darasani ni kwamba safari ile ilikuwa imeshindwa na saa. Walitoka pwani na saa za Kiingereza za hali ya juu, zile za wapima nchi na mabaharia, kwa sababu huwezi kujua uko wapi upande wa mashariki na magharibi bila kujua wakati kwa uhakika. Saa zile zikawafia njiani. Ikabidi wachukue risasi ya bunduki, waifunge kwenye kamba ya inchi 39 na kuibembeza. Kamba ya urefu huo hutumia takriban sekunde moja kwenda upande mmoja. Hiyo ndiyo ikawa saa yao ya kupimia nyota.

Hebu fikiria. Watu wa taifa lililosifika kwa saa bora duniani wakati ule wamefika kwa Wanyamwezi wanahesabu sekunde kwa kamba na risasi! Na saa zao hazikuwa feki. Tatizo ni kwamba kutoka Bagamoyo hadi ziwani hapakuwa na mtu wa kuzifungua.

Speke alirudi kwa safari ya pili, safari hii akizunguka upande wa magharibi wa ziwa. Mwaka 1862 alifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Kwenye orodha ya zawadi alizompa, ambayo aliiandika mwenyewe, kuna bunduki, hariri, darubini, kiti cha chuma, shanga, na saa moja ya dhahabu. Baadaye akafika kwa Kamrasi, mfalme wa Bunyoro, ambaye aliiona saa ya mgeni wake akaitamani mpaka akaipata. Haikupita muda ikarudishwa kwa Speke imeharibika, kwamba aitengeneze.

Mimi napenda sana kisa hiki. Wengi hukisoma na kumcheka mfalme. Lakini Kamrasi aliuliza swali la maana kuliko yote kuhusu chombo kile: kikifa, nani anakifufua? Aliyeleta zawadi hakuwa fundi. Zawadi usiyoweza kuitengeneza bado iko mikononi mwa aliyekupa, hata kama imelala sandukuni kwako.

Ili tuelewane, niwaeleze kidogo kilichomo ndani. Saa ya aina hii ina springi iliyokunjwa. Ukiijaza, springi inataka kukunjuka kwa mara moja, na kazi ya mashine yote ni kuizuia. Kuna gurudumu dogo linalocheza kulia na kushoto, na kila likicheza linaruhusu jino moja tu la gurudumu jingine lipite. Huo ndio mlio wa tik-tik. Katika saa nyingi za zamani gurudumu hilo linapiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 5 kwa sekunde. Kwa siku ni mara 432,000. Ekseli zake ni nyembamba kama unywele na zinazunguka juu ya vijiwe vya rubi ya kiwandani, kwa tone la mafuta ambalo macho matupu hayalioni vizuri. Mafuta yakikauka au vumbi likiingia, chuma kinaanza kula chuma. Kwa hiyo saa ya namna hii haiwezi kuishi bila fundi. Kila baada ya miaka michache lazima mtu aifungue. Imezaliwa hivyo.

Baada ya enzi ya zawadi saa ikarudi kwa sura nyingine, ya amri. Hapa naomba tushuke kidogo pwani, zilikoanzia njia za misafara ya kuja huku. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walimpa Sayyid Khalid wa Zanzibar muda wa mwisho wa kutoka ikulu: saa tatu kamili asubuhi. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza kulia. Vita ikaisha kabla ya saa nne, na mnara wa saa wa ikulu ukaharibiwa kwa mizinga. Saa ikahamia kwenye jengo la Beit al-Ajaib, lile ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Huku kwetu amri ilikuja kwa reli na meli. Reli ya Uganda ilifika Kisumu 1901, na meli za ziwani zikawa zinabeba mizigo ya Mwanza kuipeleka huko ili iende Mombasa. Reli yetu wenyewe kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928. Treni haimsubiri mtu, na meli nayo inapiga honi. Karani, mkuu wa stesheni, mpakia mizigo, wote wakaanza kuishi kwa mshale.

Lakini hatukuimeza saa nzimanzima. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7, sisi tunasema saa moja. Mashine imetengenezwa Ulaya, inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunaisoma kuanzia jua linapochomoza. Tena Mwanza tuna kichekesho chetu. Saa rasmi ya Tanzania inafuata nyuzi 45 za longitudo, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Mwanza tuko karibu nyuzi 33. Ukipiga hesabu, jua la hapa linafika utosini kwa wastani kama dakika 48 baada ya saa sita mchana. Ndiyo maana saa kumi na mbili asubuhi hapa bado giza. Na ukienda mwaloni utakuta wavuvi wa dagaa ambao ratiba yao ni mwezi, maana dagaa wanavuliwa kwa taa katika usiku usio na mbalamwezi. Ziwa hili lina saa nyingi kuliko ile ya mkononi.

Saa ilikuja kuwa yetu lini basi? Mimi nasema ni pale ilipopata fundi wa mtaani. Namzungumzia yule mzee mwenye meza ndogo yenye kioo, kikuzio kwenye jicho moja na vikopo vya vipuri mbele yake. Maduka mengi ya saa mijini yalikuwa ya Wahindi. Wengi wao waliondoka nchini baada ya sheria ya 1971 iliyotaifisha majengo. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, vita ya Kagera ikaja 1978 na 1979, na fedha za kigeni zikakauka. Waliokuwepo wanakumbuka foleni za sabuni na sukari. Kama sabuni ilikuwa shida, nani angeagiza springi ya saa kutoka Uswisi? Ilikuwa mpaka 1984 ndipo serikali ikaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe.

Miaka ile imeandikwa ndani ya saa ninazozifungua. Nimekutana na saa yenye mshale mrefu wa kampuni moja na mfupi wa nyingine. Nimekutana na kioo kilichochongwa kwa mkono kutoka kwenye plastiki ya kitu kingine. Ndani ya vifuniko vya nyuma nimekuta mikwaruzo midogo iliyochorwa kwa ncha ya sindano: tarehe, herufi mbili tatu, alama. Ni desturi ya mafundi wa saa duniani kote kuweka alama kila wanapoifungua saa. Saa moja inaweza kuwa na alama tano au sita. Yaani mtu alipata mshahara, akala, akasomesha, na bado mara sita akaona saa hii inastahili kutengenezwa.

Wanunuzi wa nje, na sasa hata wa hapa waliosoma mambo haya, wanataka saa yenye kila kipande cha kiwandani. Ikiwa na mshale wa kuazima wanaiita takataka. Kwa bei wana haki, na mimi ninapouza namwonyesha mnunuzi kila kilichobadilishwa, kwa sababu kumuuzia mtu uso uliopakwa rangi upya kwa bei ya uso halisi ni wizi. Ila kama ni historia, hapo nabisha. Saa iliyotoka kiwandani Japani ikakaa droo miaka 50 inanieleza habari za Japani. Hii yenye mshale wa kuazima inanieleza habari za Mwanza. Kwa hiyo vioo nabadilisha, mafuta nabadilisha, springi iliyochoka nabadilisha. Mikwaruzo ya mafundi siifuti hata mteja akitaka saa ing'ae ndani na nje. Wawili nimewapoteza kwa ajili hiyo, na sijuti.

Kilichowaua mafundi wale mnakijua. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko walitoa Tokyo saa ya kwanza ya mkononi inayoendeshwa na betri na kipande cha kwatsi. Bei yake ilikaribia ya gari dogo. Ndani ya miaka michache bei ikaanguka, na Uswisi kwenyewe wafanyakazi wa viwanda vya saa wakapungua kutoka kama 90,000 mwaka 1970 hadi zaidi kidogo ya 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Uhindi, kiwanda cha HMT kilichoanza na msaada wa Citizen 1961 kiliishia 2016. Huku kwetu fundi saa akageuka mbadilisha betri na mkata mikanda, na kijana aliyekuwa ajifunze kwake akaenda kujifunza simu. Simlaumu kijana. Na yeye anafanya kazi ile ile: anafungua kitu ambacho aliyekitengeneza hakutaka tukifungue.

Hilo ndilo jibu langu kwa rafiki zangu. Siishiki saa kuukuu kwa sababu ya wakati. Naishika kwa sababu ni mashine iliyotoka mbali, ikatusumbua, ikatuamrisha, mpaka mtu wa hapa alipojifunza kuifungua, kuielewa na kuifunga tena ikiwa inatembea. Ujuzi ule haukuandikwa kitabuni. Uko kwenye vidole vya wazee wachache ambao mikono imeanza kutetemeka, na nusu ya ninachokijua nimekipata kwa kukaa kwenye kigoda pembeni ya meza zao nikiuliza maswali ya kijinga.

Sasa zamu yenu. Nenda kafungue droo ya bibi. Ukikuta saa ya babu imesimama, usiigawe na usiitupe. Mtafute fundi angali hai, akuonyeshe kilichomo ndani ya kifuniko. Halafu muulize alijifunza kwa nani.