Dosie ya kila mtumiaji: programu iitafute namna gani?

Kisangani, ordinateri nyingi zinatumia Windows ya Kifaransa. Kwenye skrini mtu anaona dosie «Utilisateurs», lakini kwenye diski jina lake la kweli ni Users, tangu Windows Vista ya mwaka 2007. Kwenye XP ilikuwa Documents and Settings.

Ndiyo maana mwanafunzi akiandika C:\Users na jina lake ndani ya programu, siku ya kutetea kazi inakwama kwenye mashini ya mwingine.

Dawa ni kuuliza Windows yenyewe. USERPROFILE inaonyesha dosie ya yule aliyefungua mashini. APPDATA, mahali pa mipangilio yake. Kwa Python, os.startfile inafungua faili kwa programu inayolihusu, na subprocess.run inaanzisha programu unayoitaja.