Kwa nini skrubu ya mashine ya alizeti hulika?

Ukipeleka alizeti kukamuliwa, iwe Singida mjini, Iramba au Mkalama, kazi kubwa hufanywa na skrubu ya chuma inayozunguka ndani ya mashine. Maganda na mchanga ulioingia kwenye mbegu huisugua kama msasa. Ikishalika, nafasi huongezeka, mgandamizo hupungua, na mafuta yako hubaki kwenye mashudu.

Kulika kwa vyuma ni somo ambalo wahandisi hulitafiti hadi shahada ya uzamivu. Huchunguza msuguano, joto, na chuma kung'ang'aniana na chuma kingine.

Hata kisu anachotumia fundi kuchonga skrubu mpya hulika. Ndiyo maana karakana nyingi duniani hutumia kabaidi ya tangsteni, ambayo kampuni ya Krupp ya Ujerumani ilianza kuiuza miaka ya 1920 kwa jina Widia, yaani "kama almasi". Hubaki ngumu kwenye joto linalolainisha chuma cha kawaida, ila ikigongwa hupasuka.

Mkulima ufanye nini? Anika alizeti juu ya turubai, ipepete vizuri, na umuulize mwenye mashine skrubu ilitengenezwa lini mara ya mwisho.