Ndege za mti na bawa la mwaka 1961

Tukisema "kuchonga" hapa Katanga, kila mtu anawaza viti vya wafalme wa Baluba, vinyago, fimbo za machifu, na siku hizi wale tembo na twiga wa kuuzia wageni. Ndege ya mti hakuna anayeitaja. Katika mikutano yetu ya utamaduni nimesikia hata watu wenye masomo wakisema kwamba hiyo ni kazi ya watoto, ao ni kuigaiga tu mambo ya Wazungu. Mimi sikubali, na sababu yangu inaanzia kwenye meza ya marehemu mjomba wangu.

Mjomba alikuwa fundi wa mbao. Milango, vitanda na masanduku ya wafu ndivyo vilivyomlisha. Ndege alichonga jioni, kazi ya chakula ikiisha. Kiwiliwili alikitoa katika mulombwa, ule mti wetu mwekundu, na mabawa katika mbao nyepesi za makasha, kwani bawa likiwa zito linavunjika pale linaposhikana na mwili, siku ya kwanza ndege inapoanguka toka juu ya kabati. Nyuzi za mti zilipaswa kufuata urefu wa bawa. Zikikatiza, alitupa ubao ule motoni bila huruma. Umbo hakulichora lote. Alikata nusu yake katika kartoni, akafuata kando yake kwa kalamu, kisha akaigeuza kartoni ileile ili kushoto na kuume vilingane. Propela alizikata katika makopo ya maziwa. Msasa ulichukua siku nyingi kuliko kisu, na sisi watoto ndio tulipewa kazi hiyo ya kusugua. Vumbi jekundu lilitukaa puani mpaka jumapili.

Kipimo chake kilikuwa 1 kwa 72. Alisema alikipata kwa Mzungu mmoja wa uwanja wa Luano. Baadaye sana nilisoma kwamba mwaka 1942 jeshi la maji la Marekani liliomba wanafunzi wa shule wachonge ndege 500,000 za mti, kwa kipimo hichohicho, ili askari wajifunze kutambua ndege kwa umbo lake: ya adui ao ya rafiki. Basi tangu zamani kazi hii haikuwa mchezo tu. Ilikuwa shule ya macho. Huko Filipino nako, mafundi wa karibu na kambi ya Clark waliwachongea askari wa Marekani ndege za mti wa mahogani. Kambi ile Wamarekani waliiacha mwaka 1991, lakini ufundi ulibaki.

Macho ya mjomba yalifundishwa na anga letu. Ndege ya kwanza kutoka Ubelgiji ilifika Léopoldville tarehe 3 Aprili 1925, ikiongozwa na Edmond Thieffry, baada ya siku 51 njiani. Safari za kawaida za Sabena kati ya nchi hizo mbili zilianza mwaka 1935. Lakini ndege ambazo wazee wetu walizijua kwa jina zilikuja baada ya vita, zile za Douglas. DC-3 ilikuwa na motere mbili na ilikaa imeinua pua kama chura, sababu gurudumu lake la tatu lilikuwa chini ya mkia. Bawa lake la meta 29 kwenye meza ya mjomba lilikuwa sentimeta 40. DC-4 ilikuwa na motere nne, gurudumu chini ya pua, na ilisimama sawa. Halafu DC-6, na mwishoni, kunako mwaka 1956, DC-7C yenye propela za panga nne.

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo pana habari.

DC-4 na DC-6 zina bawa moja. Sisemi zinafanana, upana ni uleule, karibu meta 36, yaani sentimeta 50 za mjomba. Walichofanya wale wa Douglas ni kurefusha mwili na kuufunga vizuri ili hewa isitoke, ndipo ndege iweze kwenda juu zaidi bila abiria kukosa pumzi. Mtu wa chini anazitambua kwa madirisha: ya DC-4 yana umbo la yai, ya DC-6 yana pembe nne. Kwa hiyo mjomba alikuwa na kartoni moja tu ya bawa kwa ndege zote mbili. Ilikuwa imechakaa, imejaa alama za kalamu, imetundikwa kwa msumari nyuma ya mlango.

Tarehe 17 Januari 1961, DC-4 ilitoka Moanda na kuwaleta hapa Élisabethville, uwanja wa Luano, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Njiani walipigwa. Ndege ilitua jioni, ikapelekwa mbali na jengo la abiria. Usiku uleule watu wale watatu waliuawa.

Miezi nane baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba, DC-6B iliyotoka Léopoldville ilianguka karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka wetu. Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikuwa ndani. Alikuwa akienda kuongea na Tshombe juu ya vita vya Katanga. Watu wote 16 walipoteza maisha. Sababu ya ajali ile ingali inabishaniwa, na kwa miaka mingi uchunguzi wa Umoja wa Mataifa umekuwa mikononi mwa jaji wa Tanzania, Mohamed Chande Othman.

Kartoni moja, msumari mmoja, na vifo vile vyote. Nilipomwambia mjomba jambo hili, aliniangalia kama mtu anayeelezwa jina la mtoto wake mwenyewe. "Mwipwa, unawaza nilikuwa sijue? Njo maana ile kartoni siitupake."

Wakati kikundi chetu kilipotayarisha maonyesho, nilipeleka DC-4 yake. Papa mmoja mwenye heshima zake akakasirika mbele ya watu: "Hii mulileta ya nini? Munataka batoto bacheze na sanduku ya maiti?" Mwalimu mmoja kijana akataka kinyume, kwamba tuandike kwa herufi kubwa "Ndege ya Lumumba", kama vile wachoraji wa Lubumbashi wanavyoandika kwenye picha zao za ukumbusho. Tulibishana mpaka giza likaingia.

Namheshimu yule Papa, lakini tukificha kila kitu kilichobeba maumivu, tutawaachia watoto nyumba tupu. Na mwalimu naye alikosea, maana ile ya mjomba siyo ndege ile. DC-4 zilitengenezwa zaidi ya 1,200. Zilileta barua, wanafunzi, bibi harusi, na samaki pia. Ukibandika jina moja, umefunga mdomo wa zingine zote.

Nilikumbuka lukasa. Wazee wa Mbudye, kwa Baluba, walishika ubao wa mti wenye shanga, wakapitisha kidole juu yake na kusimulia wafalme na safari zao. Ubao hauna maandishi. Na ubao uleule unaweza kusema habari nyingine kadiri ya anayeushika na anayemsikiliza. Ndivyo nilivyopendekeza: karatasi ndogo yenye jina la aina ya ndege na tarehe mbili, 17 Januari na 18 Septemba 1961, na mtu wa kusimama pale kusimulia. Lile bawa tu lilitosha kuunganisha. Walikubali, Papa yule akinung'unika.

Air Congo, iliyoundwa mwaka 1961, iliitwa Air Zaïre tangu 1971 na ikafa mwaka 1995. Sabena ilifilisika mwaka 2001. Mwezi wa 6 mwaka 2022 jino la Lumumba, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, lilirudishwa toka Ubelgiji, likapitishwa pia kwetu, Shilatembo, pale alipouawa. Mjomba hakuifikia siku hiyo.

Ndege yake iko kwangu. Ina madirisha yote, propela zote nne, magurudumu yanayozunguka. Mlango tu ndio hakuuchonga. Aliuchora kwa kalamu ya risasi, mstari mwembamba. Nilimwuliza kwa nini. "Mi sikukuwaka pale," akajibu. "Sikuona namna balibashusha."